Muhula wa Pengo

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimetiwa parafujo mbili kwenye taya la juu, na nimerudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu tangu Desemba nimekuwa nikijiuliza mtu anawezaje kutobolewa mfupa akiwa macho, asipige kelele. Desemba ndipo nilipoteleza kwenye ngazi za ofisi ya walimu, nimekumbatia madaftari ya darasa zima. Madaftari yalipona. Meno mawili ya mbele yalibaki kwenye saruji.

Jibu nimelipata: husikii maumivu, unasikia mlio tu. Daktari ni mwanamke mfupi, husimama juu ya kibao ili anifikie. Alinichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akanigusa fizi. "Hapa unasikia kitu, mama?" Sikusikia. Keekee yake inazunguka polepole kuliko nilivyodhani, na maji yanaimwagikia muda wote. Nilinyoosha kidole kuulizia yale maji, maana mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

"Mfupa ukipata moto unakufa," akasema. "Ukifa hauwezi kushika kitu. Ndiyo maana hatuna haraka."

Mume wangu alikataa kukaa nje. Ni fundi wa malori aliyestaafu, ila mikono yake haijapata habari hiyo. Daktari alipotoa spana ndogo yenye mistari ya kupimia nguvu, mzee akasogea mpaka kivuli chake kikaniangukia usoni.

"Unakaza mpaka ngapi?"

"Thelathini na tano. Vipimo vyetu vidogo, baba, si kama vya lori."

"Na ukizidisha?"

"Napasua mfupa."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Sasa fizi imeshonwa, na vifuniko viwili vya chuma vinachungulia. Inatakiwa miezi mitatu, pengine minne, mfupa uote na kuikumbatia parafujo. Nilimuuliza daktari mfupa unajuaje kwamba hiki ni cha kukumbatia na si cha kusukuma nje. Akasema hata wao wanaelewa nusu tu. Nimempenda kwa jibu hilo.

Jumapili, 3 Machi

Uso umevimba. Mzee anasema nimefanana na mjomba wangu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia darasani. Ni mwaka wa ishirini na sita nafundisha darasa la kwanza, mkondo A, chumba kilekile. Mwaka huu wako arobaini na mmoja. Kufundisha kusoma ni kufundisha sauti, na sauti ya S inataka ukuta wa kugonga. Ukuta wangu una mlango wazi. Nikisema "sasa" inatoka "thatha". Tangu Januari mkono wangu wa kushoto umezoea kukaa mdomoni kama kifuniko cha sufuria, na chaki nashika kwa wa kulia.

Mjukuu wangu yumo humo, dawati la pili kutoka dirishani. Ni mtoto wa binti yangu mwenye duka la viatu. Ndani ya geti ananiita Mwalimu, tukitoka nje ananiita Bibi, na hajawahi kukosea. Leo njiani akasema, "Bibi, tutheme thithimidhi." Nilicheka mpaka nyuzi zikanivuta.

Jumanne, 12 Machi

Nyuzi zimetolewa. Daktari ameridhika. Amenipa meno ya kubandika, na masharti yake: niyavae kidogokidogo, kwa ajili ya kuonekana tu, si ya kulia chakula wala ya kushinda nayo kutwa. Mvua ya kwanza imenyesha.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini baada ya kipindi cha mwisho. Ni mtu mzuri ambaye akiwa na neno baya huanza kupanga kalamu mezani. Leo alizipanga zote.

"Mwalimu, kuna mzazi amekuja. Anasema mtoto wake ameanza kithembe. Anasema anakiokota kwako."

"Mzazi gani?"

"Hilo usiniulize. Nimefikiri hivi: vipindi vya kusoma avichukue yule mwalimu mgeni. Wewe ubaki na hesabu na mwandiko. Mpaka meno yako yapone."

"Hayaumwi, Mkuu. Hayapo."

Hakucheka. Nilipotoka, nilimkuta mwalimu mgeni kwenye korido. Amemaliza chuo mwaka jana, anasema "shikamoo" huku akiinama kidogo. Mkononi alikuwa na kadi za silabi, mpya, zimekatwa vizuri, zimepigwa rangi. Mtu hakati kadi arobaini kwa dakika tano. Alijua kabla yangu.

Miaka ishirini na sita. Wapo wazazi wanaomleta mtoto kwangu na wao wenyewe nimewafundisha "ba, be, bi". Nimewapitisha wote akilini mmoja mmoja, nikitafuta aliyekwenda kunisema.

Jumatatu, 18 Machi

Nimevaa meno ya kubandika kutoka asubuhi hadi nilipopanda kitandani. S inatoka. Nimemsalimia kila mtu niliyemwona.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekula nayo nyama. Inawezekana.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kutwa. Katika kipindi cha hesabu nilisema "saba na saba" na meno yakaruka, yakaangukia kwenye sanduku la chaki. Nilingoja vicheko. Hawakucheka. Walisimama wote kuangalia, wa nyuma wakapanda juu ya madawati. Msichana mmoja mwenye pengo kama langu akauliza, "Yanarudi?" Nikasema ndiyo, haya yanarudi. Akasema la kwake lilipotoka halikukubali kurudi, labda hakulisukuma vizuri.

Nimeyasuuza bombani, nimeyarudisha. Saba na saba ni kumi na nne.

Ijumaa, 5 Aprili

Ukuta kati ya darasa langu na stoo ni mwembamba. Leo niliketi stoo kuhesabu vitabu, na vitabu havikuhesabika kwa sababu nilikuwa namsikiliza mwalimu mgeni. Anawaambia watoto waweke kiganja mbele ya mdomo wausikie upepo: S ina upepo mwembamba wa baridi, SH ina upepo mpana wa joto. Nilitaka kulidharau jambo hilo. Nilipofika nyumbani nikajaribu. Ni kweli. Miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuliona.

Bado sijamsamehe zile kadi.

Jumatano, 10 Aprili

Fizi inauma pale lilipokuwa lile jino dogo la pembeni. Ni baridi hii.

Jumamosi, 13 Aprili

Haikuwa baridi.

Daktari alichukua kioo chake, akakigeuza, akagonga parafujo ya kwanza kwa mpini. Ililia *tii*, kali, kama kijiko kwenye glasi. Akagonga ya pili. Ikasema *dup*. Mzee wangu aliyekuwa ameketi pembeni akainua macho. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Amesikiliza nati zilizolegea maisha yake yote.

"Mama," daktari akasema, "meno ya kubandika unayavaa kwa muda gani?"

"Kidogo."

Mzee akaangalia dari. Daktari akamwangalia mzee.

"Anakula nayo nyama," mzee akasema. Ananipikia, ananichongea.

Daktari hakunifokea, na ningependelea anifokee. Aliketi kwenye kile kibao chake, akawa chini yangu, akaniambia kwamba mfupa unapojenga unataka utulivu. Kila nilipotafuna, kile kibandiko kilikuwa kinaisukuma parafujo kidogo, kiasi cha unywele. Badala ya mfupa, palikuwa panaota nyama laini. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu. Wapo wanaofuata kila neno na bado inakataa. Lakini kama unaniuliza, nadhani ndiyo."

Ilitoka kwa vidole viwili. Hakutumia hata nguvu. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichoingia kwa mashine kitatoka hivyo, kama kizibo cha chupa.

Nilimuuliza sasa itakuwaje. Akasema zipo njia mbili. Ya kwanza, tungoje shimo lijae mfupa, miezi kadhaa, tuanze upya. Ya pili, kwa kuwa parafujo iliyotoka ni ya lile jino dogo la pembeni, parafujo kubwa ikishika vizuri sana inaweza kubeba yote mawili, moja likining'inia kwa jingine. "Ila lazima hii moja ishike kwelikweli. Kuanzia leo, meno ya kubandika yakae kabatini."

Nilimwomba ile parafujo iliyotoka. Mzee ameikagua kwa lenzi mezani hadi chai ikapoa. Uso wake haung'ai, umekwaruzwakwaruzwa kwa makusudi ili mfupa upate pa kushika. Kila hatari ndani ya kitu kile imefikiriwa na mtu fulani mwenye akili. Ambaye hakufikiriwa ni mimi, na aibu yangu, na nyama yangu ya mchuzi.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemjua mzazi.

Nilikuwa namvusha mjukuu barabara. Nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, anampenda mwalimu mpya wa kusoma? Akasema anampenda, na mama yake pia anampenda, kwa sababu mama ndiye aliyekwenda kwa Mwalimu Mkuu kumwomba.

Nilimfikisha kwa babu yake, nikageuza njia mpaka dukani. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, anabonyeza ncha ya kiatu cha mteja atafute kidole kilipoishia. Aliniona, akajua. Alimmalizia mteja bila haraka, akamfungia boksi, akamsindikiza mlangoni. Kisha akabaki amesimama na kile chuma cha kupimia miguu mkononi.

"Ni wewe," nikasema, mkono mdomoni.

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia saa ngapi? Simu hupokei, unampa baba. Ukija kwangu unaangalia ukuta, mkono hapo ulipo sasa. Mtoto anaongea kithembe, nikimsahihisha ananijibu kwamba Bibi anasema hivyo na Bibi ni mwalimu. Nikaona nikikuambia, utaacha kuongea kabisa."

"Ukaona umwambie mkubwa wangu wa kazi."

Alikiweka kile chuma chini.

"Nilikosea mlango. Lakini sikukosea kuwa na wasiwasi. Unajua siku hizi nakusikia sauti mara ngapi? Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia uache kuimba ukiosha vyombo."

Nilitaka kusema maneno mengi na yote yalikuwa na S ndani yake. Nikasema nachelewa, ingawa sikuwa na pa kuchelewa.

Nimekaa nikaandika majina ya wote niliowashuku tangu Machi. Wamefika kumi na mmoja. Mwalimu mgeni yumo mara mbili.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Sijaongea na binti.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mwalimu mgeni aliniletea vijiti vya kuhesabia nilivyosahau ofisini. Nikamuuliza zile kadi alizikata lini. Akasema alizikata chuoni, kwa mtihani, na alikuwa anatembea nazo wiki nzima akitafuta ujasiri wa kuniomba nizitazame.

Nimemfuta kwenye orodha. Mara mbili.

Jumatano, 24 Aprili

Mwalimu mgeni ana homa, hakuja. Kipindi cha kusoma kilirudi kwangu bila mtu kunikabidhi. Meno ya kubandika yamo kabatini.

Saa nne mvua ilipiga bati kiasi kwamba sikujisikia mwenyewe. Siku kama hiyo walimu huwaambia watoto walaze vichwa madawatini. Niliandika neno ubaoni nikageuka, nikakuta macho themanini na mawili yananitazama mdomo. Hawasikii, wanataka kuona. Na mimi nimeuziba.

Nikapiga moyo konde, nikateremsha mkono. Nikasema "sa" kwa mdomo mpana. Wakasema "sa", nadhani. Nikasema "se". Tulikwenda hivyo hadi ubao ukajaa, mimi na wao tukichezesha midomo kama samaki. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo darasani.

Mvua ilipotulia kidogo, mtoto wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, ulimi wako unatoka nje."

Nyumbani nimesimama mbele ya kioo jioni nzima. Ni kweli, unatoka. Nikafikiri: nusu ya darasa lile hawana meno ya mbele, maana ni umri wao. Je, ndimi zao nazo zinatoka? Je, zingetoka hata kama nisingeanguka?

Mtu amesema kithembe kinatoka kwangu. Nami nikakubali. Hakuna aliyehesabu.

Jumanne, 14 Mei

Tumehesabu. Mwalimu mgeni na mimi, kila siku baada ya chakula cha mchana, mtoto mmojammoja. Maneno manne: sasa, sisi, suruali, sisimizi. Yeye anasikiliza ameipa kisogo midomo, mimi naangalia meno. Tumemaliza mkondo A, kisha tukaomba mkondo B, ambao mwalimu wao ana meno yote thelathini na mawili na anayaonyesha.

Mkondo A: wasio na meno ya mbele kumi na tisa, wenye kithembe kati yao kumi na wanne. Wenye meno ishirini na wawili, mwenye kithembe mmoja.

Mkondo B: wasio na meno kumi na saba, wenye kithembe kumi na wawili. Wenye meno ishirini na wawili, mwenye kithembe mmoja, na huyo anacho tangu alipoanza kusema.

Mwalimu mgeni aliisoma karatasi, akaniangalia. "Mwalimu, hukuwaambukiza."

"Mmoja," nikasema. Yule mmoja wa mkondo A, mwenye meno yote ya utotoni, meupe, hata moja halijatikisika, ni mjukuu wangu.

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu Mkuu ameisoma karatasi mara mbili, akafuta miwani, akaisoma tena. "Kwa hiyo tumekuonea."

"Kidogo," nikasema.

Jumatatu, 20 Mei

Tulikuwa jikoni, mjukuu anamenya kitunguu, mimi nakata. Nikamwambia aseme sisimizi. Akasema "thithimidhi". Nikamwambia najua anaweza kusema vizuri. Akamenya ganda zima kabla ya kujibu.

"Nikisema vile, unacheka."

"Na nikicheka?"

"Huzibi mdomo."

Kisha akasema "sisimizi" safi kabisa, akaniomba kitunguu kingine.

Nilifuta macho, na kitunguu kilinisaidia kutojieleza. Halafu nikachukua simu mwenyewe, nikampigia binti yangu. Alipopokea alidhani ni baba yake, akaanza na habari za bomba linalovuja. Nikamwacha amalize. Nikamwambia, "Ni mimi." Nikamsimulia kila kitu, kwa kithembe changu chote, tangu hesabu hadi kitunguu. Tumeongea mpaka simu ikapata moto.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua zimekwisha, vumbi limeanza kurudi. Binti yangu alifunga duka akatusindikiza, akanishikia mkoba.

Daktari aligonga. *Tii.* Akafunga spana yake ndogo, akaipa nguvu, akatazama mstari. Mzee naye akatazama mstari. Haikutikisika.

"Imeshika," daktari akasema.

"Imeshika," mzee akarudia, kama aliyeikaza yeye.

Amechukua umbo la mdomo wangu kwa tope la rangi ya waridi lenye ladha ya dawa ya mswaki. Parafujo moja, meno mawili. Amenionya nisiling'atie lile dogo vitu vigumu, maisha yangu yote. Safari hii nimeandika.

Jumamosi, 22 Juni

Nimepewa meno. Yalibanwa kwa parafujo nyembamba kama sindano, tundu likazibwa, nikapewa kioo.

Nilitarajia kuyaona meno. Nilichokiona ni uso wangu wa mwaka jana, umechoka kidogo. Rangi imelingana na jirani zake, hata lile doa la chai wameliiga. Binti yangu alisogea akaniangalia kwa karibu kama anavyoangalia mshono wa kiatu. "Sema neno, mama."

Nilikuwa nimeliandaa neno hilo tangu Machi.

"Thatha," nikasema.

Nilijaribu tena, likatoka vilevile.

"Ni ulimi," daktari akasema. "Miezi sita umezoea kupita mlango wazi. Haujui kama mlango umefungwa. Upe muda, mama, na ufanyishe mazoezi. Mtu wa kukufundisha unaye?"

Nilifikiri. Nikasema ninao arobaini na mmoja.

Jumatano, 26 Juni

Mwalimu Mkuu amenirudishia vipindi vyote vya kusoma, barua imepigwa mhuri. Nimemwomba aandike nyingine: mwalimu mgeni abaki na sauti, mimi nichukue watoto tisa ambao bado hawajui kusoma, niketi nao mmojammoja. Alianza kupanga kalamu. Nikamwambia si kwa sababu ya meno. Ni kwamba anafundisha sauti vizuri kuliko mimi, na nimelijua hilo nikiwa stoo.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya mwisho ya muhula. Mwalimu mgeni aliandika ubaoni mistari mitatu ya sungura na shamba la karoti, na kila mtoto alikwenda mbele kusoma. Mjukuu wangu alisoma bila kosa, akarudi kwenye dawati lake bila kunitazama, maana tulikuwa ndani ya geti. Wengine walisoma kwa kithembe, wengine bila, na hakuna aliyeulizwa.

Walipokwisha arobaini na mmoja, yule wa dawati la mbele akasema bado mmoja. Darasa zima likageuka kunitazama. Mwalimu mgeni alinipa fimbo ya kuonyeshea, akasogea pembeni.

Nilisimama mbele ya ubao nilioufuta miaka ishirini na sita, nikaweka ncha ya fimbo chini ya neno la kwanza, nikasoma polepole. Walinisahihisha mara mbili, kisha wakaniruhusu nikakae.